Jinsi ya Kuchambua Mwanzo wa Filamu ya Fumbo: Kufuatilia Maswali Yanayomshika Mtazamaji

Mtu akiulizwa ni kitu gani kilichomshika katika dakika za kwanza za filamu ya fumbo, mara nyingi hujibu kwamba kulikuwa na taharuki, kwamba muziki ulitisha, au kwamba alitaka kujua muuaji ni nani. Majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini bado si uchambuzi, kwa sababu yanataja hali iliyomjia mtazamaji bila kueleza filamu ilifanya nini hata hali hiyo ikamjia. Kazi ya mchambuzi ni kuondoka kwenye hisia na kurudi nyuma hadi kwenye kitendo cha filamu: kamera ilikaa wapi, ilimwonyesha nani na kumficha nani, ni sauti gani iliyotangulia picha, na mkato, yaani pale picha moja inapokatwa na nyingine kuanza, ulikuja kabla au baada ya jambo tulilokuwa tukitamani kuliona.

Ninachokishikilia katika mwongozo huu ni kwamba mwanzo wa filamu ya fumbo humshika mtazamaji kwa kugawa maarifa kwa vipimo visivyolingana. Mtazamaji hupewa sehemu, wahusika hupewa sehemu nyingine, na filamu yenyewe hubaki na sehemu ambayo haitaitoa mpaka wakati wake utakapofika. Katika mgawo huo ndimo maswali yanamozaliwa. Kwa hiyo namna iliyo salama zaidi ya kuchambua ni kuyafuatilia maswali hayo moja baada ya jingine, ukionyesha kila swali lilipandwa na nini, lilikuzwa na nini, na lilijibiwa au kuahirishwa wakati gani. Mambo mengine yote, yaani mwanga, muziki, pembe za kamera na uigizaji, yaingie katika uchambuzi kwa kadiri yanavyosaidia kueleza safari ya maswali hayo.

Amua kwanza mwanzo unaishia wapi

Wachambuzi wengi huchukua dakika tano za kwanza na kuziita mwanzo, na hapo huwa wamekwisha kujifungia mlango. Dakika ni kipimo cha saa, wala hazisemi chochote kuhusu umbo la kisa. Mwanzo wa filamu ya fumbo huishia pale ambapo fungu la kwanza la maswali limekamilika kiasi kwamba filamu inaweza kuhamia mahali pengine, kwa watu wengine au kwa kazi nyingine, na mtazamaji akayabeba maswali yale pamoja naye. Mara nyingi alama ya mpaka huo huonekana wazi: skrini huwa nyeusi, mlipuko hutokea, mpelelezi huingia kwa mara ya kwanza, au kelele za mjini hushika nafasi ya ukimya.

Zingatia pia mahali yalipowekwa majina ya walioitengeneza filamu. Katika filamu nyingine majina hayo hutangulia kila kitu, katika nyingine hupita juu ya tukio lenyewe, na katika nyingine huja baada ya tukio fupi la utangulizi. Uamuzi huo una uzito kwa sababu maandishi juu ya picha huyavuta macho, na macho yakiwa yanasoma hayatafuti vidokezo. Nitarudi kwenye jambo hili hapa chini, kwa kuwa tunao mfano mmoja wa ajabu wa filamu ambayo mwanzo wake unapatikana kwa namna mbili, yenye majina juu ya tukio na isiyo nayo.

Namna ya kutazama

Utazamaji wa kwanza haurudiwi. Ukishajua mwisho wa fumbo huwezi tena kulisoma kama mtu asiyejua, na kumbukumbu yako itakudanganya kwamba ulishuku mapema kuliko ulivyoshuku kweli. Kwa hiyo, kama bado hujaiona filamu, tazama mwanzo wake bila kuusimamisha, ukiwa na karatasi na kalamu, na uandike kila swali linalokujia pamoja na dakika lilipokujia. Andika na makisio yako, hata yale yatakayokuja kuonekana kuwa ya kipuuzi. Makisio yaliyokosea ni mali kubwa kuliko yaliyopatia, maana mara nyingi ukikosea pamoja na watazamaji wengine ni kwa sababu filamu iliwaongoza mkosee. Kama tayari unaujua mwisho, tafuta mtu asiyeujua, keti naye, na umwombe aseme kwa sauti anachofikiri. Usimsahihishe na usitabasamu.

Baada ya hapo tazama tena mara mbili kwa namna isiyo ya kawaida. Mara moja zima sauti kabisa, uone picha peke yake inasema nini. Mara nyingine geuza uso au funika skrini, usikilize tu. Watu huishangaa hatua hii ya pili, kwani ndipo wanapogundua ni maarifa mengi kiasi gani yaliyokuwa yakiingia kupitia masikio bila wao kutambua: hatua za mtu asiyeonekana, saa inayogonga, jina linaloitwa bila kuitikiwa.

Mwisho, pitia mwanzo wote shoti kwa shoti, yaani kipande kimoja cha picha kati ya mkato na mkato, na ujaze jedwali. Mimi hutumia safu tano: muda, kinachoonekana, kinachosikika, tunachokijua sasa, na swali lililo wazi. Safu ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozaa uchambuzi, kwa sababu inakulazimisha kutenganisha kile ulichoonyeshwa na kile ulichokijaza mwenyewe. Ukiona mtu anaingia nyumbani na shoti inayofuata inaonyesha dirisha linalowashwa taa, hujaonyeshwa kwamba ni yeye aliyewasha taa. Umejaza. Filamu za fumbo hujengwa juu ya mambo kama hayo yaliyojazwa na mtazamaji, na mchambuzi asiyeyaandika atashindwa baadaye kueleza namna alivyopotoshwa.

Maswali hayafanani

Ukiwa na orodha ya maswali, yapange kwa aina. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika makala aliyoichapisha mwaka 1966 kuhusu aina za hadithi za upelelezi, alieleza kwamba hadithi ya namna hiyo ina visa viwili ndani yake: kisa cha uhalifu, ambacho kimekwisha kutokea, na kisa cha upelelezi, ambacho kinaendelea mbele yetu. Tofauti hiyo ndogo ni chombo chenye makali. Swali linalohusu kisa cha kwanza hutazama nyuma: nani alifanya, kwa nini, kwa njia gani. Swali linalohusu kisa cha pili hutazama mbele: atagunduliwa, ataponea, watafika kwa wakati? La kwanza huamsha udadisi, na la pili huamsha taharuki. Mhakiki Meir Sternberg aliziongezea hizo mbili hali ya tatu, yaani mshangao, ambayo humjia mtu anapogundua kwamba kulikuwa na pengo katika maarifa yake ambalo hakujua kuwa lipo.

Tofauti kati ya taharuki na mshangao ilielezwa vizuri na mwongozaji Alfred Hitchcock katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut, yaliyofanyika mwaka 1962 na kuchapishwa baadaye kama kitabu. Mfano wake ulikuwa wa bomu lililo chini ya meza ambapo watu wameketi wakizungumza mambo ya kawaida. Bomu likilipuka bila sisi kujua kwamba lipo, tunapata sekunde kumi na tano za mshtuko. Tukiwa tumeoneshwa bomu likiwekwa, na saa ikionekana ukutani, mazungumzo yaleyale yasiyo na maana yanatupatia dakika kumi na tano za taharuki, kwa sababu tunatamani kuwaonya watu wale waache kupiga soga. Angalia kwamba katika hali zote mbili tukio ni moja. Kilichobadilika ni mgawo wa maarifa peke yake, na hiki ndicho unachotakiwa kukionyesha katika filamu yako.

Tahadhari moja: usiyachukulie maneno haya kama vibandiko vya kubandika juu ya kila tukio. Mwanzo ulio bora huchanganya maswali ya nyuma na ya mbele, na mara nyingi swali la aina moja hugeuka kuwa la aina nyingine mbele ya macho yetu. Uchambuzi wenye thamani ni ule unaoonyesha mgeuko huo unapotokea.

Mfano wa kwanza: mtoto asiyerudi nyumbani

Filamu ya Fritz Lang iitwayo M, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931, ina mwanzo ambao ninaamini kila anayejifunza uchambuzi huu anapaswa kuupitia shoti kwa shoti. Kabla ya picha yoyote kuonekana, tunasikia sauti ya mtoto ikiimba wimbo wa mchezo unaomtaja muuaji. Kisha picha inafunguka, na kamera inawatazama watoto kutoka juu wakiwa wamesimama duara. Mama mmoja anawakemea wasiimbe wimbo ule. Hapo tayari tumeambiwa, bila mtu yeyote kutueleza, kwamba mjini kuna muuaji, kwamba watu wazima wanamwogopa, na kwamba kwa watoto hofu hiyo imegeuka mchezo. Swali la kwanza, lile la muuaji ni nani, limepandwa kwa sauti kabla halijapandwa kwa picha.

Halafu filamu inagawanyika mara mbili. Upande mmoja yuko mama akifua na kuandaa chakula cha mchana cha binti yake Elsie, huku saa ya ukutani na kengele zikituambia kwamba shule imetoka. Upande mwingine yuko Elsie mwenyewe, akidundadunda mpira njiani mpaka anafika kwenye nguzo ya matangazo. Anaurusha mpira kwenye bango, na bango hilo linatangaza zawadi ya marki 10,000 likiwa na swali lililoandikwa waziwazi: muuaji ni nani? Tunapolisoma, kivuli cha mtu mwenye kofia kinaingia juu ya maandishi, na sauti inausifu mpira na kumwuliza mtoto jina lake.

Hapa ndipo jedwali lako linapoanza kulipa. Katika safu ya maarifa utaandika kwamba sasa tunajua jambo ambalo mama hajui, na ambalo mtoto hajui. Hatujui uso, wala jina, wala nia kwa hakika, lakini kivuli kimeangukia bango lenye swali, na akili yetu imeunganisha vitu viwili ambavyo hakuna mhusika aliyeviunganisha. Swali la nyuma linabaki pale pale bila jibu, lakini juu yake limeota swali la mbele lenye uchungu zaidi: je, kuna mtu atakayetokea kwa wakati? Ule udadisi wa fumbo umegeuka taharuki, na chombo kilichofanya kazi hiyo ni kivuli kimoja.

Kuanzia hapo filamu haituonyeshi tendo lolote la kikatili. Mtu yule anamnunulia mtoto puto kwa muuzaji kipofu, akipiga mluzi wa muziki wa mtunzi Grieg. Mama anawauliza watoto wanaopanda ngazi kama Elsie amerudi nao, na wanasema hapana. Anachungulia ngazi, hakuna mtu. Anaita jina dirishani, na sauti yake inaendelea kusikika juu ya picha za mahali patupu: ngazi, dari ya kuanikia nguo, meza yenye sahani isiyoguswa. Kisha mpira unabingirika kutoka vichakani na kusimama. Puto linanaswa kwenye nyaya, linatikisika, na kupeperushwa.

Mchambuzi mzembe ataandika kwamba Lang anatumia ishara kuonyesha kifo. Ni kweli, lakini jambo lenye kuhitaji maelezo ni kwa nini ishara hizo zinatuuma kuliko picha ya kitendo chenyewe. Jibu liko katika utaratibu: kila kitu kati ya hivyo kilionyeshwa kwanza kikiwa na kazi yake ya kawaida. Mpira ulidundwa, puto lilifurahiwa, sahani ilipangwa. Vinaporudi mara ya pili bila mwenyewe, ni sisi tunaofanya kazi ya kujumlisha, na hitimisho tunalofikia tunalibeba kama jambo tulilolijua wenyewe kabla ya mama kulijua. Filamu imetufanya mashahidi wa jambo ambalo haikutuonyesha.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa mtu anayerudi kwenye mwanzo baada ya kuitazama filamu yote. Mluzi ule, uliokuwa kama pambo la tukio, ndio utakaomtambulisha muuaji baadaye, na atakayeutambua ni yule muuzaji wa maputo asiyeona. Kidokezo kikubwa kuliko vyote kiliwekwa masikioni mwetu wakati macho yetu yakiwa yanahangaika na mtoto. Huo ndio ustadi wa kutega fumbo: jibu linatolewa hadharani, lakini linatolewa kupitia njia ambayo wakati huo hatuilindi.

Mfano wa pili: mwanzo mmoja, matoleo mawili

Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, inafunguka kwa shoti moja isiyokatwa inayodumu zaidi ya dakika tatu. Mikono inatega saa ya bomu, mtu analitia bomu kwenye buti la gari na kukimbia, mwanamume na mwanamke wanaingia ndani ya gari bila kujua, na kamera inapanda juu na kulifuata gari likipita mitaani kuelekea mpakani. Njiani gari linakutana, linaachana na linakutana tena na wanandoa wapya wanaotembea kwa miguu. Abiria mwanamke analalamika kwamba anasikia mlio kichwani mwake, wala hakuna anayemsikiliza. Mkato wa kwanza unakuja pamoja na mlipuko.

Kwa mgawo wa maarifa, ni bomu la mezani la Hitchcock likiwa limewekwa kwenye magurudumu. Lakini kinachoifanya filamu hii iwe shule kwa mchambuzi ni historia yake. Katika toleo lililotolewa na studio, majina ya walioitengeneza filamu yanapita juu ya shoti hiyo, yakisindikizwa na muziki wa Henry Mancini tangu mwanzo. Welles hakuridhishwa na namna studio ilivyoihariri filamu yake, akaandika waraka wa kurasa 58 wa kueleza mabadiliko aliyoyataka. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch alishiriki kuihariri upya kwa kuufuata waraka huo: majina yakaondolewa juu ya picha, na mahali pa muziki ule pakawekwa sauti za mtaa wenyewe, zikiwemo nyimbo zinazotoka katika vilabu na redio ambazo gari linazipita.

Ukiweza kupata matoleo yote mawili, yatazame yakifuatana na ujaze majedwali mawili. Picha ni zile zile, bomu ni lile lile, muda ni ule ule, na bado mtazamaji hashikwi kwa namna moja. Katika toleo la kwanza muziki unatangaza tangu mwanzo kwamba tumo ndani ya hadithi ya hatari, na maandishi yanatukumbusha kwamba tunatazama filamu. Taharuki ipo, lakini ina mapigo ya kupangwa. Katika toleo la pili hakuna anayetuongoza. Nyimbo za mtaani zinakuja na kupotea kulingana na mahali gari lilipo, kwa hiyo sikio linaanza kuutumia muziki kama njia ya kujua gari liko karibu au mbali. Swali la wakati, yaani bomu litalipuka lini, linakuwa pia swali la mahali: gari liko wapi sasa, na ni nani aliye karibu nalo? Mimi naliona toleo la pili kuwa na nguvu zaidi, ingawa ninawaelewa wanaopenda msukumo wa lile la kwanza. Lililo muhimu ni kwamba unaweza kutetea upande wowote kwa ushahidi, kwa kuwa unajua hasa ni kipengele gani kilichobadilika.

Zoezi hili linaweza kuhamishiwa kwenye filamu yoyote, hata isiyo na matoleo mawili. Chukua shoti moja ya mwanzo na ujiulize ingekuwaje kama ingeondolewa, kama ingekuja baadaye, au kama ingepigwa kutoka upande wa mhusika mwingine. Kama jibu ni kwamba maswali ya mtazamaji yasingebadilika, shoti hiyo huenda haistahili nafasi katika uchambuzi wako, hata ikiwa inapendeza kiasi gani.

Vitu, nyuso na majibu ya haraka

Usidhani kwamba mwanzo mzuri ni ule unaouliza tu. Mtazamaji aliyenyimwa kila kitu huchoka, kwa sababu swali halina mshiko kama hakuna msingi wa kulisimamishia. Katika Rear Window ya Hitchcock, ya mwaka 1954, kamera inazunguka uani na kuingia chumbani bila mtu kusema neno la maelezo: uso wenye jasho, kipimajoto, mguu uliofungwa plasta, kamera iliyovunjika, picha ya ajali ya magari ya mashindano. Kwa sekunde chache tumemfahamu mtu huyu ni nani, anafanya kazi gani, amevunjikaje na kwa nini amenaswa nyumbani wakati wa joto. Maswali hayo madogo yaliulizwa na kujibiwa papo hapo, na faida yake ni mbili. Tumefundishwa kwamba katika filamu hii vitu vinasema, kwa hiyo tutavichunguza. Na tumefungiwa dirishani pamoja naye, tukijua tu anachoweza kukiona.

Kwa hiyo katika orodha yako weka alama kwa maswali yaliyojibiwa ndani ya mwanzo wenyewe. Uwiano kati ya yaliyojibiwa na yaliyoachwa ni sehemu ya mapatano ambayo filamu inayafanya na mtazamaji. Filamu inayojibu maswali madogo kwa uaminifu hupata imani ya kuahirisha lile kubwa.

Kuhusu nyuso, uliza kila mara ni uso wa nani ambao hatukupewa, na ni kwa njia gani tulinyimwa. Kumficha mtu kwa kivuli, kwa mgongo, kwa mikono tu au kwa sauti isiyo na mwili hakuleti athari moja. Mikono hutupatia tendo bila mtu, kwa hiyo tunauliza nani. Sauti isiyo na mwili hutupatia mtu bila mahali, kwa hiyo tunauliza yuko wapi, na anatuona au hatuoni. Mgongo hutupatia mtu na mahali, ukituzuia tu kumtambua, na kwa kawaida hutufanya tujihisi tuko nyuma yake, tukimfuata.

Rudi kwenye mwanzo ukiwa unajua mwisho

Baada ya kumaliza filamu, tazama mwanzo mara ya mwisho ukiwa na swali moja: je, filamu ilicheza kwa haki? Kuna tofauti kati ya filamu iliyokuonyesha ukweli ukaupuuza na filamu iliyokunyima ukweli ambao mtu aliyekuwapo asingeweza kukosa kuuona. Ile ya kwanza humfanya mtazamaji arudi kwa furaha; ile ya pili humfanya ajihisi ameibiwa.

Tafuta namna vidokezo vilivyofichwa mahali pa wazi. Kidokezo huweza kuwekwa katikati ya vitu vingi vya aina moja ili kisionekane kuwa na upekee. Huweza kupewa kwanza kazi ya kawaida, kama mluzi katika M, ili akili ikiandikishe kama pambo. Huweza kutajwa na mhusika ambaye filamu imetufundisha kutomwamini, au kukatizwa na tukio lenye kelele zaidi kabla hatujapata nafasi ya kukitafakari. Ukipata mojawapo, usitosheke na kulitaja jina la mbinu. Onyesha shoti iliyotangulia na iliyofuata, maana kufichwa kwa kidokezo hutokea katika kupita kutoka shoti moja hadi nyingine.

Kuandika uchambuzi wenyewe

Ukikaa kuandika, anza na dai linaloweza kupingwa. "Mwanzo wa filamu hii unaleta taharuki" si dai, kwa sababu hakuna atakayebisha. Dai linaloanza kupata uzito lingekuwa namna hii: "Mwanzo wa M unatufanya tuache kuuliza muuaji ni nani na kuanza kuuliza kama mama atajua kwa wakati, na unafanya hivyo kwa kutupatia kivuli badala ya uso." Sentensi hiyo inataja swali la kwanza, swali la pili, na chombo kilicholeta mgeuko, kwa hiyo aya zinazofuata zina kazi inayojulikana.

Usiandike shoti zote kwa mfuatano wake. Jedwali ni la kwako, si la msomaji. Chagua nyakati tatu au nne ambapo swali linabadilika na ukae nazo kwa urefu, ukieleza picha na sauti kwa maneno mahususi kiasi kwamba mtu ambaye hajaiona filamu anaweza kuiona. Nyakati nyingine zote zipite kwa sentensi moja. Epuka pia kuandika kwamba rangi nyeusi inaashiria kifo au mvua inaashiria huzuni. Maana za jumla kama hizo haziwezi kukosolewa, na kwa sababu hiyo hiyo hazina msaada. Mvua katika filamu yako inafanya kazi gani kwa maarifa ya mtazamaji? Labda inafuta nyayo, labda inazuia sauti isisikike, labda inawafunika watu wote makoti yanayofanana.

Limebaki jambo la mtazamaji mwenyewe, na hapa waandishi wengi hupita bila kuangalia. Tunaandika kwa urahisi kwamba hadhira inaogopa, hadhira inashangaa, kana kwamba tulikuwa ndani ya vifua vyao. Sunset Boulevard ya Billy Wilder, ya mwaka 1950, ilitengenezwa kwanza ikiwa na mwanzo uliotokea katika chumba cha kuhifadhia maiti, ambapo wafu walizungumza wao kwa wao. Ilipoonyeshwa kwa majaribio watazamaji walicheka, na mwanzo huo ukaondolewa. Badala yake filamu inafunguka na polisi wakielekea kwenye jumba ambamo mwili unaelea ndani ya bwawa la kuogelea, huku sauti ya msimulizi ikimzungumzia marehemu kana kwamba ni mtu mwingine. Matoleo yote mawili yalikuwa na wazo lile lile la mfu anayesimulia, lakini moja lilitoa siri yake yote mara moja na kuzaa kicheko, na jingine likaiacha sauti bila mwenyewe mpaka mtazamaji aanze kujiuliza ni nani anayesema.

Ikiwa waongozaji wenye uzoefu walihitaji kuketi na watu ndipo wajue mwanzo wao unafanya nini, mchambuzi naye anahitaji kiasi. Andika kwamba filamu inamwalika mtazamaji aulize jambo fulani, kisha onyesha mwaliko huo ulipo katika picha na sauti. Pale unapotaka kudai kwamba watu kweli waliuliza hivyo, waonyeshe mwanzo huo watu ambao hawajaiona filamu, usimamishe mahali pamoja kwa kila mmoja, na uwaombe waandike swali moja walilo nalo kichwani kabla hawajazungumza wao kwa wao. Katika maandishi yako taja walikuwa wangapi na ulisimamisha kwenye shoti ipi, na uyaweke pia majibu ambayo hukuyatarajia, kisha urudi kwenye shoti hiyo kutafuta yalikotoka.